Kuishi kwa kufundisha judo: uajiriwe, ufundishe ukiwa na kazi nyingine, au ufungue dojo yako, yaani ukumbi wako wa judo?

Goti langu liliharibika Jumanne jioni, kwenye ukumbi wa shule niliyokuwa nikifundisha judo baada ya vipindi. Kijana wa kilo themanini aliniingilia na tai-otoshi, mbinu moja ya kutupa, mguu wangu ukanasa kwenye mwanya kati ya tatami mbili, yaani magodoro ya judo, mwili ukaenda naye. Waliokuwa ukutani wakisubiri zamu walisikia mlio. Nilikaa nje wiki kumi na moja. Kwa wiki zote hizo sikupata hata shilingi, kwa sababu nilikuwa nalipwa kwa kipindi, na asiyefundisha hana kipindi. Mkataba haukuwepo, bima haikuwepo. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani kunipa pole, akaleta matunda, nami nilishukuru kwa moyo wote, lakini kodi ya nyumba ilikuwa pale pale.

Tangu hapo, kila kijana mwenye mkanda mweusi akiniuliza, "Kocha, mtu anaweza kuishi kwa judo?", nami namuuliza: siku ambayo huwezi kuvaa judogi, vazi letu la mazoezi, nani atakulipa?

Swali hili linaulizwa sana siku hizi. Paris 2024 Tanzania iliwakilishwa kwenye judo na Andrew Thomas Mlugu, uzito wa kilo 73, na Kenya ikawa na Zeddy Cherotich. Vijana wameona kwamba mlango upo. Lakini mchezaji ana miaka michache tu ya kushindana, na akimaliza anataka kubaki kwenye tatami akiwa mwalimu. Njia za kubaki naziona tatu, na mbili za kwanza zina nchi zilizozikuza zikakomaa. Nitazipima zote kwa vipimo vilevile.

Vipimo

Cha kwanza ni kipato, na hapa usiangalie kiasi peke yake. Angalia pia kama kinaingia Desemba shule zikifungwa, au Ramadhani wanafunzi wakipungua. Cha pili ni gharama ya kuingia: miaka ya kusoma, cheti, mtaji. Cha tatu nakiita kinga, yaani mkataba, matibabu, akiba ya uzeeni. Cha nne ni nani yuko nyuma yako: nani anadai ada, nani anasikiliza mzazi mwenye malalamiko, na nani anakukagua wewe mwenyewe. Cha mwisho ni nafasi ya kukua kama mwalimu.

Dan, yaani daraja la mkanda mweusi, sikuihesabu. Dan inaonyesha judo yako wewe. Haisemi kama unaweza kumfundisha mtoto wa miaka sita kuanguka bila kupiga kichwa chini.

Njia ya kwanza: kuajiriwa kama kocha

Ufaransa ndiko ukocha wa judo ulikofika kuwa kazi yenye jina lake kisheria. Mjapani Mikinosuke Kawaishi alifika Paris mwaka 1935 na kufundisha kwa mpangilio wa mikanda ya rangi, mwanafunzi akawa anaona hatua zake. Miaka ishirini baadaye, tarehe 28 Novemba 1955, ikatoka sheria ya kusimamia kazi ya ualimu wa judo na jiu-jitsu. Mpaka leo, anayefundisha kwa malipo kule lazima awe na stashahada inayotambuliwa na dola pamoja na kadi ya kitaalamu. Chama chao cha judo kina wanachama zaidi ya nusu milioni.

*Kipato.* Klabu ya kawaida ya Ufaransa ni chama cha wananchi. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanajitolea, na ukumbi mara nyingi ni mali ya manispaa. Hapa ndipo penye siri yote. Ada ya mzazi hailipi kodi ya jengo, inamlipa kocha. Mshahara unaingia kila mwezi, chini ya makubaliano ya kitaifa ya waajiri na wafanyakazi wa michezo. Hata hivyo usidhani ni donge nono. Saa za kazi ni jioni, Jumamosi, na Jumatano ambapo watoto wadogo wengi hawana shule, na klabu nyingi haziwezi kujaza wiki nzima ya kocha mmoja. Wengi wanafundisha klabu mbili au tatu, begi la judogi likiwa kwenye buti la gari.

*Gharama ya kuingia.* Ni kubwa. Stashahada ya DEJEPS, inayomwezesha mtu kufundisha mpaka ngazi ya mashindano, inachukua saa 1,200, kati yake 700 darasani na zilizobaki kwenye klabu. Na kila kitu ni kwa Kifaransa.

*Kinga.* Hapa njia hii inaongoza. Likizo ya malipo, malipo ya ugonjwa, michango ya pensheni. Goti langu lingeharibikia kule, ningelala kitandani nikiwa na mshahara, japo umepungua.

*Nani yuko nyuma yako.* Kamati. Mweka hazina ndiye anayempigia simu mzazi anayedaiwa, wewe unabaki na judo yako. Ubaya ni kwamba kamati hubadilika. Mwenyekiti mpya asipokupenda, au wazazi wakitaka medali haraka, hali inakuwa ngumu.

*Kukua.* Mshahara mwingi unatoka kwa watoto wadogo. Utafundisha ukemi, yaani namna ya kuanguka salama, na michezo ya kukimbizana miaka mingi kabla hujamlea mshindani mmoja. Mimi naona hiyo ndiyo kazi yenyewe, ila wapo wanaochoka.

Huku kwetu, kilicho karibu zaidi na njia hii ni kuajiriwa na shule za kimataifa au vituo vya michezo Dar es Salaam na Nairobi. Ukumbi ni wao, wazazi ni wao. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi, maana kocha anaitwa "mwalimu wa michezo ya jioni" na kulipwa kwa saa, kama nilivyolipwa mimi.

*Inamfaa* anayependa watoto kwa dhati, anayetaka kujua mwezi ujao atakula nini, na aliye tayari kukaa darasani kupata cheti. Msomaji wa Burundi au Kongo aliyesoma kwa Kifaransa ana hatua moja mbele ya sisi wengine.

Njia ya pili: kazi nyingine inayobeba judo

Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 kwenye hekalu la Eishoji, Tokyo, alikuwa na tatami 12 na wanafunzi tisa. Hakuishi kwa ada zao. Alikuwa mwalimu katika shule ya Gakushuin, na baadaye aliongoza chuo cha juu cha ualimu cha Tokyo kwa miaka mingi. Mshahara wa ualimu ndio uliolisha judo, na Japani imefuata njia hiyo mpaka leo. Makocha wengi wa kule ni walimu wa shule, au maofisa wa polisi, maana polisi hufundishwa judo na huwa na wakufunzi wao. Wengine ni waganga wa viungo wanaoitwa judo seifukushi. Hawa husoma miaka mitatu, hufanya mtihani wa taifa, kisha hufungua kliniki za kutibu misuli na maungio. Mchana mtu anatibu mabega, jioni anafundisha.

Kwetu pia hii ndiyo njia iliyozaa judo tuliyo nayo. Zanzibar judo ilistawi kwa juhudi za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyekaa kisiwani akiishi kwa biashara zake na kufundisha vijana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kenya, polisi wamekuwa nguzo ya judo. Kijana anaandikishwa, anashindana, kisha anakuwa kocha wa wenzake.

*Kipato.* Mshahara wa kazi nyingine unakuja, shule zifungwe zisifungwe. Judo yenyewe huongeza kidogo, pengine posho ya kambi au ya safari. Usiipangie bajeti posho.

*Gharama ya kuingia.* Lazima usomee ualimu, fiziotherapia au uuguzi, au upite kwenye usaili wa jeshi ambao una ukomo wa umri. Kijana wa miaka 30 anayesubiri kuandikishwa polisi kwa sababu ya judo huwa namwambia ukweli kwamba amechelewa.

*Kinga.* Ni imara. Goti likigoma, mwalimu wa hisabati bado ni mwalimu wa hisabati.

*Nani yuko nyuma yako.* Ni mwajiri wako, lakini kwa ile kazi aliyokuajiri. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu njia hii inasifiwa sana bila kuangaliwa vizuri.

Ubaya wa kwanza ni uhamisho. Nimewahi kuona dojo ya vijana ishirini na kitu ikifa ndani ya miezi miwili kwa sababu kocha alipewa barua ya kuhamia mkoa mwingine. Tatami zilibaki zimepangwa ukutani zikikaliwa na panya, na hakuna aliyejua ni za nani. Kama unafundisha ukiwa mtumishi, andaa msaidizi mwenye mkanda wa kahawia tangu mwaka wa kwanza, na mali ya klabu iandikwe kwa jina la klabu.

Ubaya wa pili ni uchovu. Walimu wa Japani wamekuwa wakisimamia vilabu vya shule jioni na wikendi kwa malipo madogo mno, hadi serikali yao ikaanza mwaka 2023 kuhamishia kazi hiyo taratibu kwa jamii na vilabu vya nje ya shule.

Ubaya wa tatu ni mzito zaidi. Kati ya 1983 na 2011, wanafunzi 118 wa shule za Japani walikufa kutokana na judo, wengi kwa majeraha ya kichwa. Nchi iliyozaa judo! Sehemu ya tatizo ilikuwa kwamba aliyesimama mbele ya watoto alikuwa ni mwalimu tu aliyekabidhiwa zamu, au kocha aliyezoea ukali, na hakuna aliyemuuliza anajua nini kuhusu ubongo wa mtoto. Kelele zilizidi pale judo na sanaa nyingine za kijadi zilipofanywa somo la lazima kwa shule za sekondari za awali mwaka 2012. Mwaka uliofuata chama chao kikaleta leseni ya ukocha. Kwa hiyo mshahara wa serikali haumpi mtu sifa ya kufundisha. Ukichagua njia hii, cheti cha ukocha kipate vilevile, kana kwamba ndicho kitakacholisha watoto wako.

*Kukua.* Muda ni mchache, lakini una uhuru ambao wenzako hawana. Mwanafunzi si mteja wako. Unaweza kumwacha mtoto kwenye mkanda mweupe mpaka anguko lake likae sawa, na hakuna ada utakayokosa.

*Inamfaa* mwenye familia, mwenye taaluma tayari, au kijana anayependa nidhamu ya kikosi na bado ana umri wa kushindana.

Njia ya tatu: dojo yako mwenyewe

*Gharama ya kuingia.* Tuanze na hii kwa sababu ndiyo inayoamua. Tatami ya judo ina mita moja kwa mbili, unene wa sentimita nne. Eneo dogo la kufundishia, mita nane kwa nane, linahitaji tatami 32. Nyingi huagizwa nje, na usafiri na ushuru vinaweza kukushtua kuliko bei yenyewe. Wengi wetu tulianza na godoro za sponji zilizofunikwa turubai lililovutwa kwa kamba. Kwa ukemi na kwa mchezo wa chini zinatosha. Kwa kutupana hapana, kidole cha mguu kinazama na goti linajipinda.

*Kipato.* Chukua hesabu ya mfano. Una wanafunzi 35, ada shilingi 40,000 za Tanzania kwa mwezi. Wanaolipa kwa wakati ni 25, una milioni moja. Kodi ya ukumbi 450,000. Umeme, usafi na mlinzi 170,000. Msaidizi 130,000. Umebakiwa na 250,000, na hujagusa Desemba, mwezi ambao nusu yao hawaji. Ukumbi wa kukodi unakula dojo. Waliodumu ninaowafahamu wamefanya mambo mawili: wanadai ada kwa muhula na si kwa mwezi, na mchana wanafundisha kwenye shule zenye ukumbi, ili dojo yao iwe mahali pa wanaotaka kwenda mbali zaidi.

*Kinga.* Hakuna, mpaka uijenge. NSSF, kwa Kenya na kwa Tanzania, inapokea michango ya hiari ya waliojiajiri. Anza mwezi wa kwanza, hata kwa kidogo. Na bima ya ajali ya wanafunzi ipangie fungu lake kwenye ada yenyewe, usiifanye jambo la kuchangishana mtoto akishavunjika mkono.

*Nani yuko nyuma yako.* Hakuna mtu. Uhuru huo ni mtamu, lakini una hatari yake, kwa sababu hakuna anayekukagua. Judo ni mchezo wa kushikana, na mzazi anakuachia mtoto wake jioni kwenye chumba kilichofungwa. Uingereza, kocha wa watoto kwenye klabu ya chama cha taifa hukaguliwa kwanza rekodi yake ya jinai. Sisi tunaweza kujiwekea sheria bila kungoja mtu: watu wazima wawili ukumbini kila kipindi, mlango wazi, mzazi anaruhusiwa kukaa kutazama siku yoyote bila taarifa. Klabu yenye desturi hizo hujaza wanafunzi bila matangazo.

*Kukua.* Hakuna dari. Kayla Harrison, aliyeipatia Marekani dhahabu ya London 2012 na Rio 2016, alinolewa na familia ya makocha ya Pedro kwenye dojo yao binafsi ya Wakefield, Massachusetts. Lakini pia unaweza kumaliza miaka kumi ukiwa mhasibu, fundi bomba na mpokea simu, huku judo yako ikibaki pale ulipoanzia.

*Inamfaa* mwenye akiba ya kula angalau mwaka mmoja, mwenye ukumbi wa bei nafuu au wa kuazima, na asiyeona haya kudai ada.

Cheti, kwa njia yoyote

Shirikisho la Kimataifa la Judo, IJF, lina akademia inayotoa cheti cha mwalimu wa judo. Nadharia unasoma kwa intaneti, kisha unakwenda kufanya vitendo, na Malta imekuwa kituo chake. Fuko la Mshikamano la Olimpiki lina ufadhili kwa makocha na kozi za kiufundi, na maombi hupitia kamati ya Olimpiki ya nchi yako, si moja kwa moja. Maana yake unahitaji kujulikana kwenye chama chako cha taifa, uwe umelipa ada ya uanachama na jina lako liwe kwenye daftari. Nimeona makocha hodari wakikosa nafasi kwa sababu klabu yao haikuwa imesajiliwa.

Kwa hali yako

Kama bado unashindana na hujafika miaka 25, jaribu kikosi cha polisi au jeshi, au chuo, kimojawapo. Utapata miaka ya mazoezi ambayo mtu mwingine anailipia, na ukitoka una kitu mkononi. Usifungue dojo sasa. Utaua ushindani wako na dojo haitakua.

Una kazi na watoto? Baki na kazi. Fundisha siku mbili kwa wiki, ukumbi wa shule ya jirani, na uandikishe klabu rasmi. Baada ya miaka mitatu utajua kama kuna wanafunzi wa kutosha kukubeba, na utakuwa umejua bila kuhatarisha chakula cha nyumbani.

Tayari una watoto thelathini kwenye ukumbi wa kuazima, unafundisha bure, na umechoka. Wewe ndiye ninayekufikiria zaidi, kwa sababu ndivyo tulivyo wengi. Usikimbilie kukodi ukumbi wako. Itisha wazazi kikao, wachague mweka hazina ambaye si wewe, waamue ada wao wenyewe, wakulipe posho ya mwezi iliyoandikwa. Hapo umeazima njia ya Kifaransa ukiwa Tandale au Kisauni, na umeipata bila mtaji.

Kocha wa kike ana fursa ambayo haijatumika. Pwani na visiwani wapo wazazi ambao binti yao hatacheza judo na wavulana wala na kocha wa kiume, lakini watamlipia darasa la wasichana lenye saa yake na mwalimu mwanamke. Anza na darasa hilo, ndani ya shule, kwa ajira au kwa mkataba.

Anayetamani kwenda nje asome Kifaransa kabla ya kutafuta tiketi. Huko dan yako itaheshimiwa, lakini bila stashahada hutalipwa kihalali.

Nanyi viongozi wa vyama, najua hamna fedha ya mishahara. Lakini mnaweza kutoa orodha ya makocha wenye cheti, bima ya pamoja ambayo klabu zote zinachangia, na nakala ya mkataba wa kuigwa. Vitu hivi vitatu vingenisaidia mimi kuliko posho ya kambi yoyote niliyowahi kulipwa.

Leo nimerudi kufundisha shule, nyingine, na kabla watoto hawajapanda napitisha unyayo kwenye kila mwungano wa tatami kutafuta mwanya. Mkataba wangu una kurasa mbili. Kifungu cha sita kinasema nikiumia kazini nitalipwa nusu ya malipo kwa wiki nane, na msaidizi wangu atashika vipindi. Tulibishana nacho siku tatu, nilianzia wiki kumi na mbili. Kama unaandika wako, andika kifungu hicho kwanza, halafu ndiyo mzungumzie kiasi cha mshahara.